Mtaje Bibi kwa Jina Lake

Mdogo wangu, sogea karibu leo tuzungumze la nyumbani. Unaujua ule usiku wa kuamkia maziko. Maturubai yameshafungwa, wapishi wanahangaika na masufuria nje, na chumbani wamejifungia watoto wa marehemu na daftari, wanaandika wasifu utakaosomwa kesho mbele ya watu. Mwaka wa kuzaliwa hakuna mwenye uhakika nao. Kijiji alichozaliwa, huyu anasema hiki, yule anasema kile. Jina la mama yake? Kimya. Mwishowe anatumwa mjukuu kwa shangazi mzee aliyekaa mkekani na wenzake, akaulize haraka haraka. Shangazi, machozi yakimtoka, anataja jina ambalo watoto wa marehemu hawajapata kulisikia. Linaandikwa kimakosa, linasomwa kimakosa, na matanga yakishaondoka nalo limekwenda zake.

Usikunje uso, sijakuita hapa nikuumbue. Nyumba nyingi ziko hivyo. Nalisema kwa sababu mnaniandikia sana, tena kwa nia njema, mkiuliza namna ya kuwaenzi wahenga. Wengine mmeshashona vitenge, mmevaa shanga, mmeandika mitandaoni maneno ya kupendeza kuhusu Uafrika na watu Weusi. Ni vizuri, sikatai. Lakini nikikuuliza mama wa bibi yako mzaa mama aliitwa nani, unatazama chini. Basi hapo ndipo pa kuanzia, wala usipite mbali.

Angalia vyeti vyako. Kuna jina lako, la baba, na pengine la babu. Upande wa wanaume unabaki kwa nguvu ya karatasi, hata asiyejali anaubeba. Mwanamke je? Anaitwa Mama Fulani mpaka anazeeka, halafu anaitwa Bibi wa kule anakoishi, akifa wajukuu wanalia wakimwita Bibi, na kizazi kimoja baadaye jina lake halipo duniani. Na huyo ndiye aliyejua mtoto huyu alipewa jina la nani na kwa nini, nani hazungumzi na nani na ugomvi ulianzia wapi, kondo la nyuma la baba yako lilizikwa chini ya mti gani. Kumbukumbu ya ukoo ilikaa kwa wanawake, jikoni, uzazini na matangani, na kwa kuwa haikuandikwa popote ndiyo ya kwanza kutupotea. Hilo ndilo neno langu la leo. Nitalizungushazungusha, maana najua mtu haambiwi mara moja akashika, lakini ni lilo hilo.

Ngoja nikupeleke mbali kidogo ili uone nguvu ya hao bibi. Kwenye pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia, kule Marekani, wanaishi watu Weusi wanaoitwa Wagullah au Wageechee. Wazee wao wengi walitekwa Afrika Magharibi, na wakulima wa mpunga walitafutwa hasa, kwa sababu matajiri wa kule walitaka watu wanaoujua mpunga. Lugha yao ilidharauliwa, ikaitwa Kiingereza kibovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 msomi mmoja, naye Mweusi, Lorenzo Dow Turner, alikwenda na mashine ya kunasa sauti akawasikiliza wazee. Hakuwacheka wala hakuwasahihisha. Aliandika majina yao ya nyumbani kwa maelfu, yale ambayo mtoto aliitwa na bibi yake huku shuleni akiitwa jingine. Mwaka 1949 alitoa kitabu, na dunia ikaona kwamba kile kilichoitwa ubovu kilijaa maneno ya Afrika.

Katika Harris Neck, Georgia, Turner alimkuta mama mmoja, Amelia Dawley, naye Amelia akamwimbia wimbo mfupi. Amelia hakujua maana yake. Alifundishwa na waliomtangulia, naye akamfundisha bintiye, Mary Moran. Nyumbani kwao ulikuwa wimbo wa kuchezesha watoto. Baadaye ikajulikana kuwa maneno yake ni ya Kimende, lugha ya Sierra Leone. Miaka ikapita. Mwaka 1990 mtafiti wa muziki, Cynthia Schmidt, akawa anazunguka vijiji vya kusini mwa Sierra Leone na ile sauti ya Amelia, akiwasikilizisha watu, mpaka akafika Senehun Ngola. Pale mwanamke mmoja, Bendu Jabati, akasikiliza, akaupokea. Alikuwa anaujua. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, na alimsisitiza autunze, kwani siku moja ungewatambulisha ndugu waliopotea.

Na wimbo wenyewe haukuwa wa michezo hata kidogo. Ulikuwa wa makaburini, wa wanawake kumuaga marehemu. Vita vya Sierra Leone vikachelewesha safari ya kwenda kule, lakini mwaka 1997 Mary Moran, akiwa mama mtu mzima sana, alikanyaga ile ardhi na familia yake, akakutana na Bendu. Wanawake wawili, bahari nzima katikati, karibu miaka 200 ya kutengana, na kilichowakutanisha ni mistari michache iliyopita kwenye vinywa vya kina bibi.

Nataka utulie hapo, usikimbilie kusema "inagusa moyo" halafu ukaendelea na shughuli zako. Fikiri. Amelia angeweza kusema haya maneno hayana maana, ya nini kumsumbua mtoto nayo? Angeukatisha yeye, ndani ya nyumba yake mwisho wake ungekuwa hapo. Aliutoa kama alivyopewa, bila kuupamba na bila kuupunguza. Mwaka 1942 serikali iliwahamisha watu wa Harris Neck ili kujenga uwanja wa ndege za kijeshi, na leo pale pamekuwa hifadhi ya wanyamapori. Ardhi ikaondoka, wimbo ukabaki. Kwa hiyo ukimsikia bibi yako anamtuliza mtoto kwa maneno usiyoyaelewa, usimwambie "Bibi, hayo ya zamani". Mwombe arudie polepole. Huna haja ya kuelewa leo ili utunze. Atakayeelewa huenda hajazaliwa.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi, na nitakuambia bila kukuficha. Wamarekani Weusi wengi wakitafuta wazee wao hugonga ukuta mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina wote waliokuwa wametoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860 mtumwa aliandikwa chini ya jina la aliyemmiliki: umri, jinsia, rangi, basi. Mwanamke wa miaka 30. Mtoto wa kiume wa miaka 4. Jina hakuna. Kuna watu leo, wasomi, wana fedha na kompyuta na vipimo vya vinasaba, wanakesha wakitafuta jina moja tu la mama mmoja, na hawalipati. Walinyang'anywa. Wewe hukunyang'anywa na mtu, mdogo wangu. Wewe jina unalo, limekaa kijijini kwenye kigoda linachambua mboga, linangoja uliulize. Ukiliacha likapotea, utamlaumu nani?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini tazama wale Weusi wa Marekani: utumwa walitiwa kwa nguvu, na asili hawakuiacha. Mwaka 1991, katikati ya jiji la New York, wakichimba msingi wa jengo la serikali, walikuta makaburi. Yalikuwa ya Waafrika, watumwa na walio huru, waliozikwa pale tangu karne ya 17 mpaka mwishoni mwa karne ya 18, na mji ukajengwa juu yao ukawasahau. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mtu mzima, meno yake yamechongwa kama walivyochongwa watu wengi Afrika, na kiunoni ana shanga zaidi ya mia moja. Shanga, mdogo wangu. Unajua mwenyewe shanga za kiunoni ni jambo la nani na nani. Mwanamke ambaye huenda hakumiliki hata mwili wake mbele ya sheria alikufa na shanga zake, na aliyemuosha hakuzivua. Aliyemuosha alijua. Yule muoshaji, ambaye jina lake hatutalipata kamwe, alimheshimu kuliko sisi tunavyowaheshimu wetu kwa mabango na fulana.

Na wale Weusi wa New York hawakukaa kimya. Walipoona mashine zinaendelea kufukua wazee wao, waliandamana, wakasali pale, wakabana viongozi mpaka kazi ikasimamishwa. Mifupa ya watu 419 ikapelekwa Chuo Kikuu cha Howard, ikachunguzwa kwa adabu na wasomi walioongozwa na Michael Blakey, na mwaka 2003 ikazikwa upya palepale, ndani ya majeneza yaliyochongwa Ghana. Mwaka 2006 mahali pale pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba huyu au yule ni bibi yake wa damu. Waliwachukua wote kuwa wao.

Sasa turudi kwetu, kwenye lile ambalo wengi mnaniandikia mkiomba nisitaje majina. Aibu. "Dada, nimesikia bibi yetu alitoka kwenye ukoo wa watumwa. Nyumbani hilo halisemwi. Nifanyeje?" Nakuelewa. Kwenye pwani yetu neno hilo limetumika kama tusi, limevunja posa, limewanyamazisha wazee mpaka kaburini. Nenda Mombasa, upande wa Kisauni, kuna mahali panaitwa Kengeleni. Maelfu ya watu hupita pale kila siku na matatu, wakishuka na kupanda. Ile kengele iliyopapa jina ni ya Freretown, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ililia kuwaonya watu kwamba hatari inakuja. Waliofika pale walitoka mahali mbalimbali, hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja, na wengine walikuwa watoto wadogo. Wakajenga nyumba, wakasoma, wakaoana, wakazaa walimu, makarani na wachungaji. Wajukuu wao wapo mpaka leo.

Niambie, aibu iko wapi hapo? Aibu ni ya aliyemfunga mtoto kamba, na ya aliyemnunua. Mtoto aliyeokoka akajenga nyumba ana aibu gani? Mficha uchi hazai, na ukoo unaoficha bibi yake hauzai watu wanaojijua. Kwa hiyo ukigundua hilo kwenu, usilitangaze kwa kishindo siku ya harusi, maana hekima nayo ni heshima. Lakini usilizike. Mwendee mzee mmoja unayemwamini, kaa naye peke yenu, mwambie, "Bibi, mimi sioni haya, nataka kumjua tu." Utashangaa. Wengi wanangoja ruhusa hiyo miaka yote.

Kuna na jambo jingine linalotupotezea wahenga: tamaa. Usidhani kila kilichopotea kilichukuliwa na wageni usiku. Kwa Wagiriama, mwanachama wa Gohu, chama cha wazee, akifariki, ndugu zake humchongea kigango, nguzo ya mti yenye nakshi, husimamishwa nyumbani na haihamishwi, hata wenyewe wakihama. Huko ndiko wanakomkumbuka, wanampa chakula na tembo la mnazi. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haikuchukua muda vigango vikaibwa. Vingi vya aina hiyo viling'olewa na vijana wa humo humo kwa fedha kidogo, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vikavuka bahari, vikawa mapambo ya sebule na ya makumbusho. Miaka mingi baadaye Udvardy aligundua kuwa kimoja kiko kwenye makumbusho ya chuo huko Illinois. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Hampton, mdogo wangu, ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani. Walikuwa na ndugu wa watu ndani ya nyumba yao bila kujua ni nani. Walipojulishwa, walimrudisha. Ilipofika mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerejea Kenya, na mwaka 2019 makumbusho ya Denver yakarudisha vingine 30.

Kilichowarudisha wale wawili ni ile picha. Mzee, vigango, mahali, mwaka, na mtu aliyeandika hao ni kina nani. Bila hivyo wangeitwa "nguzo kutoka Afrika Mashariki" milele. Wewe nyumbani una picha ngapi za zamani zisizo na majina nyuma? Mmezijaza kwenye boksi la viatu juu ya kabati, na aliyebaki anayemjua yule aliyesimama kushoto ni mmoja tu, tena macho yanaanza kumzima. Nitalirudia hili kabla sijamaliza, maana nakujua.

Tuje kwenye dini, maana hapo mnavutana sana. "Dada, je, kuwakumbuka wahenga si dhambi? Si shirki?" Sitajifanya sheikh wala mchungaji. Mambo ya tambiko, ya nani anamwomba nani, muulize kiongozi wa imani yako, na ufuate dhamiri yako. Lakini usijifiche nyuma ya dini kwa uvivu. Kulijua jina la bibi yake bibi yako, dini gani imekukataza? Kupalilia kaburi, kusoma hitima, kuomba misa ya marehemu, kumtembelea shangazi aliyebaki, kuunga undugu uliokatika, hayo wanayasisitiza wote, msikitini na kanisani. Kwa hiyo fanya yale ambayo hayana ubishi kwanza. Ukiyamaliza hayo, njoo tubishane kuhusu yaliyobaki. Bado sijamwona aliyeyamaliza.

Na wewe unayeniambia wahenga hawakuwa malaika, nakuunga mkono. Wapo waliokeketa mabinti, waliorithi wajane kama mali, waliowanyima wanawake ardhi, na wapo, nalisema kwa uchungu, waliowauza jirani zao. Kuwaheshimu hakumaanishi kuyaendeleza hayo. Bibi huyo huyo aliyekufundisha uhai alikufundisha kupeta: ungo unarushwa, makapi yanaruka, mchele unabaki, na hakuna anayetupa ungo mzima kwa sababu ya makapi. Lakini hata makapi uyajue ni makapi ya nini. Usimpambe babu mpaka akawa mtu ambaye hakuwa. Ukisema "babu alikuwa hodari, lakini bibi alimtesa", umemheshimu bibi, na babu hujamtukana, umemsema alivyokuwa. Ukoo unaosema uongo kuhusu waliokufa huwa hausemi kweli kwa walio hai.

Sasa namna ya kuuliza, maana hapa ndipo mnapoharibu. Usimwendee mzee na simu imeshawashwa usoni mwake kama mwandishi wa habari, na maswali ishirini mkononi. Atafunga mdomo, au atakuambia yale anayodhani unataka. Nenda na sukari na sabuni, mkono mtupu haulambwi. Kaa chini, shika kazi anayoifanya, menya naye mihogo. Anza na madogo: siku ya harusi yako mlikula nini? Nani alikusuka? Hili jina lako ulipewa la nani? Makubwa yatakuja yenyewe. Akinyamaza, nyamaza naye. Mtu mwenye historia ndefu ana vidonda humo, na kimya chake kina sababu.

Usimbishie miaka. Wazee hawahesabu kama kalenda ya ukutani. Watakuambia mwaka wa njaa fulani, wakati wa vita vya Kagera, tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, mvua za Elnino. Andika kama alivyosema, tarehe utaitafuta baadaye mwenyewe. Ukishaona amezoea, mwombe ruhusa unase sauti. Mwanzoni mwa rekodi taja jina lake kamili, mahali na tarehe. Weka nakala kwenye simu, kwa ndugu mwingine, na andika mkono kwenye daftari, kwani simu huibwa na hutumbukia majini. Na nakuonya, akikuambia la siri usilitupe kwenye kundi la ukoo ili upate sifa. Siri ya bibi ikivuja mara moja, midomo ya wazee wote wa ukoo ule imefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Usisahau makaburi. Huko Tanzania familia nyingi zilihamishwa katika miaka ya 1970, zikaacha makaburi kwenye mahame, na waliobaki wanaojua njia ni wachache, tena magoti yanawauma. Mchukue mzee mmoja ukiwa bado una nauli na yeye bado ana pumzi, mwende akuonyeshe. Weka alama, panda mti, andika majina. Na mkiuza shamba, jamani, mkiuza shamba! Andikeni kwenye mkataba kwamba makaburi yapo, yako upande gani, na njia ya kuyafikia ibaki. Nimesikia kesi nyingi mno za wajukuu wanaozuiwa getini wasizuru babu zao kwa sababu aliyeuza alikuwa na haraka ya pesa. Mnunuzi hana kosa, hakuambiwa.

Na ninyi mlioko mbali, London, Muscat, Minneapolis, msijione mmepoteza haki. Mmeona wenyewe watu waliotengwa miaka 200 walivyorudi. Ndugu zetu Weusi wa Marekani tangu mwaka 1966, Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, wamekuwa wakikusanyika kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1, wakiwasha mishumaa na kuwataja waliotangulia, na nguzo zao saba wamezipa majina kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wamechagua lugha yetu kuwaitia wazee wao. Wewe uliyezaliwa ndani yake mtoto wako anakujibu kwa Kiingereza, na unacheka. Usicheke. Mpigie bibi simu Jumapili, weka spika, mwache mtoto amsikie, hata kama haelewi. Amelia naye hakuelewa.

Naona umeshachoka kusemwa, basi namalizia. Sikuombi ujenge mnara. Mwezi huu nenda, au piga simu, kwa mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo wenu, upande wa mama. Muulize jina la mama yake, la bibi yake, na la bibi wa bibi yake kama analo. Andika yote. Shusha lile boksi la picha, kaa naye, andika nyuma ya kila moja kwa penseli, taratibu, nani, wapi, lini. Halafu mwanao wa kike akizaliwa, au wa kaka yako, pelekeni moja ya majina hayo mezani mnapojadili mtoto aitwe nani, badala ya kutafuta la kwenye tamthilia. Ukisema huna muda, nitakuuliza jana jioni ulikuwa na simu mkononi kwa saa ngapi, na tutakosana. Nakupenda, ndiyo maana nakusema. Nenda kaulize.